Gemu mpya inagoma: ubadili draiva, upunguze ubora, ufungue kadi, au ununue nyingine?

Gemu ya gigabaiti 100 na ushei imeshuka usiku kucha, bando limekwisha, unabofya kuanza na skrini inakuwa nyeusi. Hapo kila mtu ana dawa yake. Mmoja atakwambia usasishe draiva, ile programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi ya michoro (GPU), mwingine upige Windows upya, wa tatu ana kadi anauza. Dawa zote hizo hutibu, ila kila moja na ugonjwa wake, na hazilingani kwa gharama, kwa muda, wala kwa urahisi wa kurudi ulikotoka mambo yakiharibika. Kinachokuchagulia dawa ni namna gemu inavyoanguka, kwa hiyo tuanzie hapo.

Inaangukaje?

Gemu inayokataa hata kufunguka, ikitoa ujumbe kwamba kadi haina sifa fulani ya DirectX 12, njia ya Windows ya gemu kuzungumza na kadi, usiihangaikie na draiva. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, ingia kwenye Display, usome mstari wa Feature Levels. Ukiona 12_2, kadi ina sifa zote zinazodaiwa na gemu za sasa: hizi ni RTX 20 za Nvidia na zilizofuata, au Radeon RX 6000 za AMD na zilizofuata. GTX 10, GTX 1650 na 1660 zinaishia 12_1. Indiana Jones and the Great Circle, iliyotoka Desemba 2024, inadai rei tresingi (kukokotoa miale ya mwanga) iliyojengwa ndani ya kadi, na kiwango chake cha chini ni RTX 2060 Super au RX 6600. GTX 1080 Ti ina nguvu kuliko kadi nyingi za bei ya chini na ina kumbukumbu ya GB 11, lakini kwa gemu hiyo imefungiwa mlango.

Wakati mwingine dawa ni kusubiri tu. Alan Wake 2 ilipotoka Oktoba 2023 ilitegemea meshi sheda (njia mpya zaidi ya kuchora maumbo), na kwenye GTX 10 ilijikokota. Machi 2024 lilikuja sasisho lililozipunguzia adha kadi hizo. Aliyekimbilia kununua kadi wiki ya kwanza alilipa bei ya haraka.

Gemu inayofunguka vizuri lakini inashtuka-shtuka kila unapoingia eneo jipya, halafu ukirudi eneo lilelile inateleza, huwa bado inatengeneza sheda, zile programu ndogo za kuchora zinazoendeshwa na kadi. Iache imalize ule mstari wa kutayarisha sheda mwanzoni, hata ukichukua dakika 20. Kila ukibadili draiva kazi hiyo huanza upya, na ndiyo maana watu wengi huilaani draiva mpya bure: wameipima katika nusu saa yake mbaya kuliko zote. Ukitaka kulinganisha draiva mbili, pita mahali pamoja mara mbili, usome namba za mara ya pili.

Inayoteleza dakika 15 kisha inaporomoka inakuonyesha joto au kumbukumbu ya kadi, yaani VRAM, iliyojaa. Fungua MSI Afterburner au HWiNFO, programu za kusoma hali ya kadi, uviangalie vitu vitatu kwa pamoja: nyuzi joto, kasi ya chipu kwa MHz, na VRAM iliyotumika. Kasi ikishuka huku joto likiwa juu, ni joto. Kasi ikibaki pale pale huku VRAM ikiwa imegota juu, ni kumbukumbu.

Inayofungwa na kukurudisha kwenye eneo-kazi kwa ujumbe wa DXGI_ERROR_DEVICE_REMOVED au DEVICE_HUNG ina maana kadi iliacha kujibu. Windows huipa kadi sekunde 2. Zikipita kimya, huizima draiva na kuiwasha upya. Ushahidi utaupata kwenye Event Viewer, Windows Logs, System: tukio namba 4101, au mistari ya nvlddmkm kwa kadi za Nvidia. Mtandaoni utashauriwa kuongeza zile sekunde kwa kuweka TdrDelay kwenye rejista. Hatuipendi njia hiyo. Ni kuzima kengele moto ukiendelea kuwaka.

Mashine ikizima yote au kujiwasha upya, na Event Viewer ikaandika Kernel-Power 41 bila msimbo wowote wa hitilafu, shuku umeme kwanza. Na ukiona vitone au vigae vya rangi hadi kwenye skrini ya BIOS, kabla Windows haijaingia, usiiguse draiva: chipu za kumbukumbu au viungio vyake vinakufa.

Kuna kisa kimoja kinachoponza hata mafundi. Gemu zilizojengwa kwa Unreal Engine hutoa ujumbe "Out of video memory trying to allocate a rendering resource" ilhali kadi ina GB 12 au 16 na haijafika nusu. Kama prosesa ni Intel Core ya kizazi cha 13 au 14, hasa i7 na i9, mgonjwa ni prosesa. Volti zilizozidi ziliichakaza, na huonekana pale inapofungua sheda zilizobanwa. Sasisha BIOS ya ubao mama hadi yenye maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) 0x12B au ya baadaye. Hiyo huzuia uchakavu usiendelee, lakini iliyokwisha kuchakaa hairudi. Intel waliongeza waranti ya prosesa hizo kwa miaka 2, ikawa 5. Kadi nyingi nzima zimeuzwa kwa hasara kwa sababu ya sentensi hiyo moja.

Draiva: kupanda, kushuka, au kung'oa yote

| | Kupanda toleo jipya | Kushuka toleo la zamani | Kung'oa kwa DDU (Display Driver Uninstaller, programu ya kufuta draiva yote) |
|---|---|---|---|
| Muda | dakika 10–15 | dakika 5–15 | dakika 30–45 |
| Bando | mamia ya megabaiti | sifuri, kama Windows bado inalitunza | mamia ya megabaiti |
| Inafaa | gemu imetoka baada ya draiva yako | tatizo lilianza siku uliposasisha | umehama Nvidia kwenda AMD au kinyume chake, au usakinishaji unakatikia njiani |
| Kasoro | huleta hitilafu mpya pia | gemu mpya huweza kuikataa | ukikosea hatua, Windows hukuwekea draiva yake |

Kwa gemu iliyotoka wiki hii, kupanda ndiko kwa kwanza, kwa sababu Nvidia na AMD hutoa draiva iliyorekebishwa kwa ajili ya gemu kubwa karibu na siku yake ya kutoka. Lakini kushuka kunadharauliwa kuliko inavyostahili. Mwanzoni mwa 2025 draiva za Nvidia za mfululizo wa 572 zilisumbua watu wengi kwa skrini nyeusi, na waliorudi nyuma walicheza kwa amani wakisubiri marekebisho. Njia ni Device Manager, Display adapters, bofya kadi, Properties, Driver, kisha Roll Back Driver. Kitufe kikiwa kimefifia, Windows haina toleo la zamani; lishushe mwenyewe kutoka tovuti ya mtengenezaji.

Wenye GTX 900 na GTX 10 wana hesabu tofauti. Nvidia walisitisha draiva za gemu kwa kadi hizo Oktoba 2025, na zinazokuja hadi Oktoba 2028 ni za kuziba matundu ya usalama tu. Kwao "sasisha draiva" si ushauri tena.

Kung'oa kwa DDU kunapendwa kupita kiasi. Kabla ya hapo jaribu kisanduku cha "Perform a clean installation" ndani ya kisakinishi cha Nvidia, au Factory Reset kwa AMD. Mara nyingi huishia hapo. Ukiamua DDU, utaratibu ni huu: shusha DDU na draiva mpya kwanza, zima intaneti, shikilia Shift ukibofya Restart, ingia Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, kisha bonyeza 4 kuingia Safe Mode. Chagua GPU na kampuni yake, bofya Clean and restart, sakinisha draiva, ndipo urudishe intaneti. Wanaoacha intaneti wazi hukuta Windows Update imeshaweka draiva nyingine kabla yao. Jambo jingine: PIN hugoma wakati mwingine kwenye Safe Mode, na diski yenye BitLocker huweza kudai ufunguo wake, kwa hiyo viwe navyo karibu, pamoja na nywila halisi ya akaunti.

Na kabla ya kuifuta gemu na kuishusha upya, tumia ukaguzi wa faili. Kwenye Steam bofya kulia gemu, Properties, Installed Files, Verify integrity. Hushusha vipande vilivyoharibika tu. Megabaiti chache dhidi ya gigabaiti 100: kwa anayenunua bando, hapa hakuna cha kulinganisha.

Mipangilio: punguza kinachoumiza, si kila kitu

Watu wengi wakikwama hushusha kila kitu hadi Low, gemu ikawa kama imechorwa kwa makaa, na bado inakwama. VRAM na nguvu ya chipu ni vitu viwili, na kila kimoja kina vitufe vyake.

VRAM ikiwa imejaa, shusha tekscha (picha zinazovishwa juu ya maumbo) ngazi moja, ufunge gemu, uifungue tena. Tekscha haigharimu kasi karibu yoyote mradi inaenea. Ikifurika hata kwa nusu gigabaiti, kadi huanza kuazima RAM ya kompyuta na fremu huanguka kwa mafungu. Kadi ya GB 4 izoee tekscha za chini. GB 8 kwa 1080p hutosha gemu nyingi zikiwa kati hadi juu, lakini rei tresingi huila haraka.

VRAM ikiwa na nafasi huku GPU ikisoma asilimia 97 hadi 99, ziache tekscha zilipo na ushushe vivuli, ukungu wa hewani, uakisi na rei tresingi. Vivuli kutoka Ultra kwenda Medium hurudisha fremu nyingi, na jicho ni vigumu kuona tofauti unapokimbizwa.

GPU ikisoma asilimia 60 na fremu bado ni chache, prosesa ndiyo inayochelewesha, au mashine ina RAM moja ya GB 16 badala ya mbili za GB 8. Kushusha rezolusheni hapo hakuongezi kitu. Kwenye laptopu chunguza pia kama gemu inatumia kadi sahihi: Settings, System, Display, Graphics, chagua gemu, weka High performance. Na kwa kompyuta ya mezani, waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi, usichomekwe kwenye ubao mama. Inachekesha hadi ikukute.

DLSS ya Nvidia au FSR ya AMD, zile njia za kuchora picha ndogo kisha kuikuza? DLSS ni ya RTX peke yake na picha yake hutulia zaidi kwenye nywele, nyaya na majani. FSR inakubali karibu kadi yoyote, hata GTX, ukiacha toleo la 4 ambalo limetengenezewa Radeon mpya. Zote mbili kwa Quality kwenye 1080p huchora 1280×720 kisha hukuza. Performance huchora 960×540, na hapo uso wa mtu wa mbali huwa kama umepakwa uji. Kwa skrini ya 1080p usishuke chini ya Quality isipokuwa umebanwa kweli. Utengenezaji wa fremu za kati (Frame Generation) si dawa ya gemu inayokwama: unataka fremu 50 au 60 za kweli kwanza, na wenyewe unakula VRAM. Ukiwasha kwenye fremu 25, namba itapanda lakini mkono utauhisi mzito vilevile.

Joto: kipulizi, volti, au bisibisi

Nvidia nyingi huanza kujipunguza kasi zikikaribia nyuzi 83 za chipu. Kwenye Radeon tazama ile inayoitwa hotspot, sehemu ya chipu yenye joto kuliko zote, ambayo huruhusiwa kufika 110. Namba yenye maana zaidi ni pengo kati ya chipu na hotspot: likizidi nyuzi 25 au 30, pesti ya joto, ile inayopakwa kati ya chipu na hitsinki (chuma cha kuondoa joto), imekauka au imekimbia kutoka katikati. Chumba nacho kina mchango. Kadi inayofika 75 katika chumba cha nyuzi 22 itakuwa 83 au zaidi katika chumba cha Mombasa cha nyuzi 31, bila kosa lolote la kadi.

Anza na kupuliza vumbi. Shika mapanga ya feni kwa kidole unapopuliza. Yakizunguka kwa kasi ya kipulizi, beringi huumia. Fungua ubavu wa kasha ucheze dakika 15: joto likishuka nyuzi 8 au 10, tatizo ni hewa ya kasha, wala usiifungue kadi.

Kisha kuna njia mbili za bure. Ya kwanza, shusha Power Limit kwenye Afterburner hadi asilimia 80. Ni kutelezesha kidude kimoja, kasi hupungua kidogo, joto na kelele hupungua sana. Ya pili, kupunguza volti, inahitaji subira lakini huacha kasi ilivyo. Bonyeza Ctrl na F upate mchoro wa volti, na kwa RTX 3060 Ti hadi 3080 anzia 1800 MHz kwa milivolti 850, ukisawazisha mstari wote wa kulia yake. Ikianguka, panda milivolti 25. Ijaribu kwa saa nzima ya gemu nzito kabla ya kuihifadhi ijiwashe yenyewe; jaribio la dakika 5 hudanganya. Tungechagua Power Limit kwa mtu asiyependa kuchezea, na volti kwa mwenye kadi inayovuma kama jenereta. Kwenye laptopu nyingi vyote viwili vimefungwa, kwa hiyo bana fremu ziwe 60, na dakika chache baadaye feni zitakushukuru.

Kadi inayofungwa kwa DEVICE_HUNG bila joto ina jaribio lake hapohapo: shusha Core Clock, yaani kasi ya chipu, kwa MHz 50 hadi 100. Ikitulia, kadi ilitoka kiwandani ikiwa imekazwa mno au imezeeka, na unaweza kuiishi hivyo miaka.

Kufungua na kubadili pesti kuwe mwisho. Skrubu 4 zinazozunguka chipu zilegezwe na kukazwa kwa msalaba, kidogo kidogo; ukikaza upande mmoja, kona ya chipu hupasuka. Safisha kwa alkoholi ya asilimia 90 au zaidi. Kinachoharibu kazi ya wengi ni pedi laini zinazopeleka joto la kumbukumbu kwenye hitsinki: zina unene wa milimita 1, 1.5 au 2 kulingana na kadi, na ukiweka nene kuliko ya awali, hitsinki haiigusi chipu vizuri tena na joto linapanda kuliko ulivyolikuta. Pima ya zamani kabla ya kununua mpya.

Umeme: kabla hujailaumu kadi

Tundu la PCIe, kadi inapochomekwa kwenye ubao mama, hutoa wati 75, plagi ya pini 6 hutoa 75, ya pini 8 hutoa 150. Jumlisha uone kama kadi yako inapata chakula chake. RX 6600 ni wati 132, RTX 3060 ni 170, RTX 3070 ni 220. Kwa kadi yenye plagi mbili za pini 8, toa nyaya mbili tofauti kutoka pawasaplai. Waya mmoja wenye vichwa viwili ndio huzima mashine pale mlipuko unapotokea kwenye gemu.

Kompyuta za ofisini za mtumba, zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk zilizojaa madukani kwetu, nyingi zina pawasaplai ndogo isiyo na waya wa kadi kabisa. Hapo utauziwa adapta ya kutoka SATA. Usiiweke. Plagi ya SATA imeundwa kwa wati 54 kwa laini ya volti 12, na plastiki yake huyeyuka kabla ya fyuzi yoyote kushtuka. Mashine ya aina hiyo ipewe kadi isiyo na plagi: GTX 1650 ya wati 75 isiyo na tundu la pini 6, au RTX 3050 ya GB 6, wati 70. Baina ya hizo mbili chagua 3050 kama pesa inafika, kwa sababu ina 12_2 na DLSS. 1650 imeshaachwa nje ya gemu kadhaa. Kama kasha ni lile jembamba, hakikisha umepewa kadi fupi yenye kibati kifupi.

Ukilazimika kununua

Kwa 1080p tungelinganisha mbili tu. RX 6600 hula umeme kidogo, hutosheka na pini 8 moja, na kwa gemu zisizo na rei tresingi haiachwi mbali na RTX 3060. RTX 3060 ya GB 12 hushinda kwenye tekscha, rei tresingi na DLSS. Soma boksi: kuna RTX 3060 ya GB 8 yenye njia nyembamba ya kumbukumbu, dhaifu zaidi, na jina ni lilelile. RX 580 bado inauzwa kwa bei ya kuvutia, ila ile iliyoandikwa 2048SP ni nguvu ya RX 570 iliyovishwa jina kubwa, na zote hazina rei tresingi. RX 6500 XT iruke kama ubao mama wako ni wa PCIe 3.0: ina njia 4 tu na GB 4, na vikichanganyika hivyo viwili inakwama palepale VRAM inapojaa.

Kadi nyingi za mtumba zilichimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum hadi Septemba 2022. Hilo peke yake si kosa. Kilichochoka mara nyingi ni feni na pedi, na baadhi zimebadilishwa BIOS. Dukani, kabla ya kutoa pesa, endesha GPU-Z, programu ya kutambua kadi, kutoka kwenye flashi: kadi bandia huonyeshwa kwa neno FAKE mbele ya jina. Linganisha idadi ya viini vya kuchora (Shaders) na ukubwa wa VRAM na inavyotakiwa, zungusha kila feni kwa kidole usikilize mkwaruzo, kisha endesha gemu au jaribio zito dakika 30 ukisoma hotspot. Muuzaji akisema dakika 5 zinatosha, rudisha pesa mfukoni.